Uzuri si wa wageni peke yao

Ndugu msomaji, yapo mambo ambayo tukiyasikia mara moja tu huwa tumekwisha kuyaweka katika fungu la mambo ya wenye nacho. Chakula cha Kijapani ni kimojawapo. Mtu akikutajia sushi, picha inayokujia ni ya hoteli kubwa yenye taa hafifu, sahani pana yenye vipande sita tu vya chakula, na hesabu itakayomaliza posho ya nyumba ya juma zima. Kadhalika, mtu akikutajia nyumba iliyopambwa Kijapani, unawaza sebule ya tajiri wa Ulaya ambamo hamna kitu ila jiwe moja na ua moja, na hata hilo jiwe limenunuliwa dukani.

Juma hili nimepokea barua ya mama mmoja mfanyakazi, mkazi wa Olasiti, Arusha. Yeye, mumewe na watoto wao watatu wanaishi katika vyumba viwili vya kupanga. Mdogo wake anayefanya kazi Amsterdam alimpelekea picha alizopiga siku ya mapumziko: mkahawa wa Kijapani wenye meza za mbao tupu, bakuli la udongo lisilo na hata nakshi, na picha za kale katika makumbusho. Mama huyu alikuwa katika mpango wa kuchukua mkopo ili anunue seti ya makochi pamoja na kabati jipya la vyombo. Zile picha zimemtia mashaka. Anauliza: watu wa Ulaya wanafurahia nini hasa kwa Mjapani? Na je, furaha hiyo yaweza kuingia katika nyumba yenye vumbi la Olasiti, au hapana budi mtu awe na fedha kwanza?

Ni maswali mazuri, nami nitayajibu kwa mfuatano huo huo.

PICHA ZA BEI YA BAKULI LA TAMBI

Tuanze huko huko Amsterdam. Katika mji huo imo makumbusho ya Vincent van Gogh, mchoraji Mholanzi aliyefariki mwaka 1890. Miongoni mwa mali aliyoiacha ni mamia ya picha za Kijapani zilizochapwa kwa vibao vya mbao. Nyingi kati ya hizo alizinunua Paris katika majira ya baridi ya mwaka 1886 kuingia 1887. Hakuwa na fedha mtu huyu. Aliishi kwa msaada wa ndugu yake Theo. Alizinunua kwa wingi kwa sababu zilikuwa nzuri, na pia kwa sababu zilikuwa rahisi. Wakati huo Paris ilikuwa imekwisha kushikwa na mapenzi ya vitu vya Kijapani, hasa tangu Japani iliposhiriki katika Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1867 mjini humo.

Sasa tujiulize, picha hizo kwao zilikuwa nini? Katika mji wa Edo, ambao leo ndio Tokyo, zilikuwa bidhaa za watu wa kawaida. Mafundi, wachuuzi na watumishi walizinunua kwa bei iliyokaribiana na ya bakuli la tambi, wakazibandika ukutani, na zikichakaa wakazitupa. Zilitoka katika mikono ya watu wanne: mchoraji, mchonga vibao, mchapaji, na mfanyabiashara aliyetoa fedha na kuzipeleka sokoni.

Mashuhuri kati ya wachoraji hao ni Hokusai, ambaye alikuwa na umri wa miaka 70 hivi alipoanza mfululizo wake wa picha za Mlima Fuji, yapata mwaka 1830. Fuji una urefu wa mita 3,776, hivyo Meru wetu waupita kwa mamia ya mita. Milima yote miwili ni ya volkano: Fuji ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1707, na Meru ulitoa majivu kidogo mwaka 1910. Lakini tazama jinsi mzee huyo alivyouchora mlima wao. Mara nyingi hakuuweka mbele kama mfalme. Katika picha mojawapo fundi anaranda pipa kubwa lisilo na kitako, na Fuji unaonekana mdogo sana kwa mbali kupitia tundu la pipa lile. Katika nyingine wamo wavuvi wanaopigana na wimbi. Watu wako kazini, nao mlima upo tu nyuma yao, kama vile Meru ulivyo nyuma ya kamba ya nguo kwa kila mama wa Olasiti anayefua asubuhi kabla mawingu hayajapanda.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba buluu iliyozifanya picha hizo zipendeze ilibuniwa Berlin, Ujerumani, mapema katika karne ya 18, ikafika Japani kwa njia ya biashara. Kwa hiyo Mzungu alipoziona akastaajabu, sehemu ya alichokistaajabia ilikuwa imetoka kwake mwenyewe. Hakuna uzuri uliokaa katika nyumba moja tangu kuzaliwa hadi kuzeeka.

Na chakula vivyo hivyo. Sushi tuijuayo leo, yaani kipande cha samaki juu ya tonge la wali uliotiwa siki, ilishamiri katika vibanda vya barabarani vya Edo mwanzoni mwa karne ya 19. Kilikuwa chakula cha mtu mwenye haraka, kama ilivyo chipsi mayai kwetu. Mjini Düsseldorf, Ujerumani, ambako makampuni ya Kijapani yalifungua ofisi zao kuanzia miaka ya 1950, utakuta katika Mtaa wa Immermann mikahawa ya supu ya tambi inayowalisha Wajapani na Wajerumani wa kawaida pamoja. Basi jibu la swali la kwanza ni hili: watu wa Ulaya wanafurahia vitu vilivyotengenezwa kwa ajili ya wafanyakazi, na vikatengenezwa kwa uangalifu kana kwamba mfanyakazi ni mtu wa heshima. Ughali umekuja baadaye, njiani.

MJAPANI KATIKA SANDUKU LA BIBI

Hata hivyo, msomaji, huna haja ya kwenda Amsterdam. Huenda Mjapani yumo katika sanduku la bibi yako tangu zamani, nawe hukujua.

Mwaka 1926 kampuni ya meli ya Osaka ilianzisha safari za kuja pwani ya Afrika ya Mashariki. Waingereza ndio waliotawala Tanganyika, Kenya na Uganda, lakini mikataba ya Bonde la Kongo iliwazuia kuzipendelea bidhaa zao kwa njia ya ushuru. Katika miaka ya 1930 nguo za pamba za Kijapani zikazipiku za Kiingereza katika masoko yetu. Miongoni mwa nguo hizo zilikuwamo kanga. Kabla ya hapo kanga nyingi zilitoka Uholanzi na Uingereza. Baadaye, na hasa baada ya Vita Kuu ya Pili hadi miaka ya 1960, viwanda vya upande wa Kyoto na Osaka vilichapa kanga kwa wingi kwa ajili ya wanawake wa Unguja, Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na bara yote.

Fikiri jinsi kazi hiyo ilivyokwenda. Mfanyabiashara wa pwani alisikiliza maneno ya mjini, akachagua jina, akapeleka kielelezo na maelezo ng'ambo. Mchapaji wa Kijapani, ambaye hakujua hata neno moja la Kiswahili, akayapanga maneno hayo herufi kwa herufi chini ya mji, akauzungushia pindo, akazikunja gora na kuzipakia melini. Baada ya miezi kadhaa mzigo ukafika. Hapo ndipo hakimu alipokaa katika kiti chake. Hakimu huyo alikuwa mwanamke mnunuzi. Kama rangi ilipauka, kama pindo lilikuwa jembamba mno, kama jina lilikuwa limepitwa na wakati, kanga ilibaki dukani na mwenye duka akala hasara. Duka la Mali ya Abdulla katika Mtaa wa Biashara, Mombasa, lililoanza mwaka 1887, lilijijengea jina kwa kujua kumsikiliza hakimu huyo.

Linganisha sasa. Van Gogh alinunua picha za Kijapani kwa bei nafuu akazitundika ukutani, na dunia nzima inamsifu kwa jicho lake. Bibi yetu naye alinunua picha ya Kijapani kwa bei nafuu, akaivaa, akabebea mtoto, akatandika, akajifunika. Tena alimpita Van Gogh kwa jambo moja: yeye alimwambia Mjapani achape nini. Je, ni nani aliyeandika habari za jicho la bibi?

Zama hizo zilipita. Mwaka 1968 kilifunguliwa kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, kwa msaada wa China, na hapa Arusha tulikuwa na Kiltex. Kanga za Japani zikapungua hadi zikaisha. Siku hizi tunavaa zilizochapwa India, China na katika viwanda vilivyosalia nchini. Ukimkuta bibi ana kanga ya zamani yenye pamba laini na rangi ambayo haijafa, usiikate matambara. Muulize kwanza aliinunua wapi, na jina lake lilimlenga nani.

Uko undugu mwingine hapa. Wajapani wana kitambaa cha mraba kiitwacho furoshiki, ambacho hufungia kila kitu, kuanzia chakula cha mchana hadi zawadi. Marehemu Profesa Wangari Maathai wa Kenya, mshindi wa Nishani ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004, alipozuru Japani mwaka 2005 alilipenda neno lao mottainai, ambalo ni kilio cha mtu aonapo kitu kinapotea bure hali bado kina manufaa. Alilibeba neno hilo hadi Umoja wa Mataifa, na akakisifu kitambaa hicho kuwa ni badala ya mifuko ya plastiki. Nasi tulipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, wengi walilalamika kwamba hawana cha kubebea. Mama zao walikuwa wakifunga furushi kwa kanga tangu kale.

KABATI LA WAGENI

Nije sasa kwenye nyumba. Nyumba ya Kijapani ya jadi ilijua shida ya nafasi kama tunavyoijua sisi wapangaji. Chumba kimoja kilifanya kazi nyingi: usiku magodoro yalitandikwa sakafuni, asubuhi yakakunjwa na kuingizwa katika kabati la ukutani, na mahali pale pale pakawa pa kulia na kupokelea wageni. Viatu vilivuliwa mlangoni. Palikuwa na pembe moja tu ya mapambo, yenye picha moja na ua moja, navyo vilibadilishwa kwa majira.

Watu wa pwani watasema: mbona hayo ndiyo yetu? Kweli. Kuvua viatu, kukaa mkekani, kukunja matandiko, yote tunayo. Lakini tumeyaonea haya, tukaona kuwa nyumba haijawa nyumba mpaka ijae.

Mjapani mmoja, Yanagi Soetsu, alifungua makumbusho mjini Tokyo mwaka 1936, wala hakuyajaza vitu vya wafalme. Aliweka mabakuli ya kulia, vikapu, birika, na nguo za wakulima. Fikra yake ilikuwa kwamba kitu cha kila siku, kilichotengenezwa vyema na fundi asiyejulikana jina, hupata uzuri wake kwa kutumika. Nikiyawaza maneno hayo nakumbuka kabati la vyombo ambalo liko karibu katika kila nyumba tunayoijua. Ndani yake mna sahani za maua, bilauri ndefu na birika la kaure, vyote vimefungiwa kwa ufunguo. Ni vya wageni. Mgeni mwenyewe huja mara mbili kwa mwaka. Siku nyingine zote baba, mama na watoto wanakula katika sahani za plastiki zilizopasuka pembeni. Mtoto anayekua hivyo anajifunza jambo ambalo hakuna aliyekusudia kumfundisha: kwamba uzuri ni wa watu wengine.

Basi, mama wa Olasiti, kabla ya kununua kabati jipya, fungua la zamani. Toa bakuli moja moja kwa kila mtu wa nyumba, na kila mmoja achague lake. Litakalovunjika limevunjika katika kazi yake. Weka ubao au sanduku la viatu mlangoni, maana vumbi la kwetu halina adabu. Kisha chagua ukuta mmoja, uondoe kalenda za miaka iliyopita, na utundike kanga moja tu, iliyopigwa pasi vizuri, ili pindo na mji vionekane kamili. Utashangaa jinsi chumba kitakavyopumua.

JIKONI

Kwa upande wa chakula nakuonya jambo moja: samaki mbichi tuwaachie wenye vifaa. Samaki anayefika Arusha amesafiri mbali kutoka ziwani au baharini, na wale wanaotayarishwa kuliwa bila kupikwa wanahitaji baridi kali na ujuzi maalumu. Lakini mlo wa kawaida wa Kijapani, ambao uliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2013, ni wali, supu moja, na mboga mbili tatu kidogo kidogo, kila moja katika chombo chake. Huo waweza kuupika kwa vitu vya soko la Kilombero.

Supu ya dagaa. Wajapani nao hupika supu kwa dagaa wakavu. Chukua kiganja kimoja cha dagaa, wachambue vichwa na matumbo ili wasilete uchungu, uwaoshe vizuri mchanga utoke. Waloweke katika lita 1 ya maji kwa nusu saa, kisha uchemshe kwa moto mdogo kwa dakika 10 na kuchuja. Katika maji hayo tia biringanya au karoti iliyokatwa nyembamba, chumvi na soya sosi kidogo. Ikiiva, nyunyiza majani ya kitunguu. Dagaa waliobaki usiwatupe. Wakaange kwa kitunguu na nyanya kwa mlo mwingine. Mottainai!

Mchicha kwa ufuta. Chemsha mafungu mawili ya mchicha kwa dakika moja tu, utoe, utie katika maji baridi, ukamue sana na kukatakata. Kaanga vijiko vikubwa 3 vya ufuta bila mafuta hadi unukie, utwange katika kinu, uchanganye na kijiko kidogo 1 cha sukari na kijiko kikubwa 1 cha soya sosi. Changanya na mchicha. Ufuta huu huu wa Lindi na Mtwara husafirishwa hadi Japani. Si dhambi nasi tukiuonja.

Matango kwa siki. Kata matango mawili vipande vyembamba kama karatasi, uyatie nusu kijiko kidogo cha chumvi, uyaache dakika 10 na kuyakamua. Mimina vijiko vikubwa 3 vya siki vilivyokorogwa na kijiko kikubwa 1 cha sukari. Ni binamu wa kachumbari.

Wali, pika kama ulivyozoea. Na ukitumia mchele wa Moshi, fahamu kwamba mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulikamilika mwaka 1987 kwa mkopo kutoka Japani, na wakulima walifundishwa kupandikiza miche kwa mistari. Mavuno yakapanda. Wakulima wa upande wa juu wa mto nao wakaona, wakaiga, na maji ya wale wa chini yakapungua. Hata jambo jema lina hesabu yake, na maji hayaongezeki kwa sababu tumepata ujuzi.

KUHUSU MKOPO

Limebaki lile lililo zito. Mama huyu ameeleza masharti ya mkopo aliopewa, nami naona ni ya aina ile ambayo watu wameipa jina la kausha damu: fedha inatoka leo, marejesho yanaanza juma lijalo. Makochi yatakuwa bado mapya wakati ada na kodi ya nyumba zimekwisha kukosekana.

Lakini pia sitaki msomaji anielewe vibaya. Chumba kitupu cha tajiri wa Amsterdam ni kitupu kwa sababu mwenyewe anayo stoo ya kuwekea vitu. Utupu wa kuchagua na utupu wa kukosa havilingani, wala asije mtu akamwambia mfanyakazi akae sakafuni kwa kuwa ndio mtindo. Mgongo uliosimama mashineni au sokoni saa kumi unastahili kiti. Ushauri wangu ni kwamba utafute fundi seremala wa mtaani, umwagize kiti kimoja kilicho imara, ulipe kidogo kidogo mpaka kiishe, na mwaka ujao umwagize cha pili. Kikiwa cha mbao iliyokauka na kiungo kilichokaa sawasawa, wajukuu watakikuta.

Jioni ya leo, basi, jaribuni ile supu. Ipakueni katika mabakuli ya kabatini, na mtoto mdogo apewe lile lenye maua mazuri zaidi. Mgeni akitokea, mkaribisheni. Ataoshewa bakuli lake.

Barua zenu zinakaribishwa, hasa kutoka kwa wale wenye kanga za zamani majumbani: tuandikieni majina yaliyochapwa juu yake. Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.